Ubao wa Chai na Jina la Baba Mkwe

Wasomaji wangu wa kwanza waaminifu walikuwa sisimizi. Msicheke. Mnakuja hapa kwangu Kinyala na kompyuta zenu za kupakata, mnanionyesha kioo chenye visanduku vya kijani na vyekundu vinavyobadilika vyenyewe, halafu mnaniuliza, "Babu Asajile, enzi zenu mlikuwa mnafuatiliaje kazi kiwandani?" Tulikuwa na ubao, wanangu. Ubao mweusi, mrefu kuliko mlango wa kanisa letu, umeegemezwa ukutani kwenye ukumbi wa mbele wa kiwanda cha chai, na mimi ndiye niliyeshika chaki. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Habari ya sisimizi ni hivi. Chaki ya rangi ukiiloweka kwenye maji ya sukari, ukaiacha ikauke kidogo, inaandika kwa kung'aa na haitoi vumbi. Hilo ni kweli, jaribuni. Miaka ya nyuma ungeanza kuloweka chaki kwenye sukari watu wangekupeleka kwa balozi wa nyumba kumi, maana sukari yenyewe ilikuwa ya kupangiwa foleni. Lakini sasa biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka ya Tukuyu mjini yamefurika, mitumba inaning'inia mpaka juu ya mitaro, na sukari ipo. Mimi nikaona itoshe mpaka ubao wangu. Asubuhi nafika kazini, nakuta mstari wa kukausha umejaa sisimizi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wamefuata kila tarakimu kwa utii ambao sikuwahi kuuona kwa mfanyakazi yeyote wa kiwanda kile. Walikuwa wameizunguka nane yangu, juu na chini, bila kuruka kona.

Basi mjue mnazungumza na fundi wa namna gani.

Kiwanda kilikuwa cha umma, kikauzwa. Tuliingia likizo tukiwa na mwajiri mmoja, tukatoka tuna mwingine. Akaletwa meneja mpya, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, mpole wa sauti lakini hana subira hata ya kungoja uji upoe. Ofisi yake ilikuwa juu kilimani, ng'ambo ya uwanja wa magari, na mvua ya Rungwe mnaijua, haiombi ruhusa. Kushuka kuja kuuangalia ubao kila mara kulimshinda. Kwa hiyo palikuwa na simu ya ndani, na chini ya ubao palikuwa na meza, na kwenye meza alikaa binti mmoja anaitwa Tumpale. Kila saa Tumpale alinyanyua mkono wa simu na kumsomea meneja ubao wote, mstari kwa mstari. Ubao ulikuwa macho ya meneja, na Tumpale alikuwa sauti yake. Mimi? Mimi nilikuwa mwandiko.

Zamani ubao ulikuwa na mistari mitano tu: kunyausha, kusaga, kuchachusha, kukausha, kuchambua. Kwa wasiojua, majani mabichi yakifika kutoka kwa wakulima wa Nkunga na kwingineko yanalazwa kwanza yanyauke, yanasagwa, kisha yanatandazwa yachache mpaka yawe na rangi ya shaba, ndipo yanapelekwa kwenye moto. Mbele ya kila mstari niliandika "bado", "inaendelea" au "tayari". Meneja akaja akautazama, akasema, "Asajile, huu ubao unaniambia kazi inaendelea. Hata mimba inaendelea. Nataka kuona kazi zilizo ndani ya kazi."

Alikuwa na haki. "Inaendelea" ni neno la uongo kuliko maneno yote ya kiwandani. Siku moja ubao ulisema kukausha kunaendelea tangu asubuhi, kumbe moto ulishazimika na mchochea kuni amekaa nyuma ya tanuri anamenya ndizi za kuchoma. Kama mnataka jambo moja la kubeba kutoka kwangu, bebeni hili: ukiandika "inaendelea", andika pembeni inaendelea tangu saa ngapi na nani kaiona mara ya mwisho. Neno bila saa halina kazi.

Nikaanza kugawa. Kuchachusha peke yake kulikuwa na kazi nne ndani: kutandaza, kugeuza, kupima joto, kunusa. Kunyausha nako vivyo hivyo. Kabla sijamaliza, ubao ulikuwa umejaa kama daftari la mtoto anayeogopa kuombwa daftari jipya. Nikaongeza rangi. Kijani kwa kazi iliyokamilika, njano kwa inayoendelea, nyekundu kwa iliyokwama, bluu kwa sababu bluu ilikuwemo kwenye boksi. Haki ya Mungu, sikuwa na sababu nyingine. Na ukumbi ule ulikuwa na ukungu wa mvuke na taa moja inayokonyeza, nyekundu ikiandikwa kwenye ubao mweusi haionekani. Kwa hiyo kazi iliyokwama, ile ambayo kila mtu alitakiwa kuiona kwanza, ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiona. Chumba cha kuchambua kilikwama mchana mzima na ubao wangu ukang'aa kwa bluu.

Meneja akalalamika herufi ni ndogo. Tumpale akawa anasoma amekunja uso kama anatunga uzi kwenye tundu la sindano. Ndipo nilipopata ile akili yangu mbaya. Nikajiambia, kwa nini niandike kazi nne wakati zote ziko chini ya mtu mmoja? Niandike jina la mtu. Ni fupi, linasomeka, na kila anayetazama atajua amuulize nani. Nikafuta kutandaza, kugeuza, kupima joto na kunusa. Mahali pake nikaandika kwa herufi kubwa: GWAKISA.

Nilipomweleza meneja kwamba nitaandika jina la mtu, alipenda mno. "Sasa najua nimpongeze nani na nimkaripie nani," akasema. Akatoa amri jina lisomwe kama lilivyoandikwa, lisirukwe, ndipo hali ya kazi ifuate.

Mzee Gwakisa alikuwa bwana wa chumba cha kuchachusha tangu kiwanda hakijapata hata ua. Aliingiza pua kwenye majani, akafumba macho, akasema "sasa", na ilikuwa sasa. Na huyo huyo Mzee Gwakisa alikuwa baba yake mume wa Tumpale.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na baba mkwe, mnaombana chumvi. Kwetu Wanyakyusa, kwa wazee wale, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemezani, na mwanamke halitaji jina la mzee huyo hata akiwa peke yake jikoni. Ni heshima, na ni hofu pia. Wachungaji walihubiri sana kwamba si lazima tena, na watu wakaitikia amina, kisha wakarudi nyumbani wakaendelea kuheshimiana. Pale kiwandani wale wawili walijipangia utaratibu wao. Mzee akitaka kupita ukumbini aligonga bomba la mvuke kwa spana. Tumpale akisikia, aligeukia ukuta. Mzee akapita, akagonga tena, kazi ikaendelea. Sisi wote tulilijua. Tulilizoea hata wageni wakishangaa tulisahau wanashangaa nini.

Mimi nililijua. Mzaliwa wa Kisondela, mama yangu mwenyewe alikuwa akipita kwenye migomba akisikia baba mkwe anakohoa njiani. Nikachukua chaki, nikaandika jina la mzee juu ya kichwa cha mke wa mwanawe, nikaamuru dunia ilisome kila saa. Nilikuwa najali upana wa herufi G.

Siku ya kwanza nilimsikia Tumpale kwenye simu. "Kunyausha tayari, Bwana. Kusaga tayari. Kukausha bado."

Sauti ya meneja ilikuwa inasikika mpaka nje ya mkono wa simu. "Na kuchachusha?"

"Kuchachusha kupo, Bwana."

"Kupo vipi?"

"Kupo tu."

"Nisomee jina lililoandikwa hapo."

"Ni yule mzee, Bwana."

"Mzee yupi? Kiwanda kizima ni wazee!"

Tumpale akakata simu taratibu kama anamlaza mtoto. Baadaye akanifuata, anatazama vidole vyake. "Kaka Asajile, pale katikati pananishinda kusoma."

Sasa sikilizeni hekima yangu. Nikamjibu, "Herufi bado ni ndogo? Usijali, dada." Nikachukua chaki ya njano, nikaliandika jina upya, kubwa maradufu. Nikapiga na mstari chini yake. Tumpale akanitazama, akasema, "Ndaga," yaani asante, akarudi mezani. Mimi nikaenda kunywa chai nikijisifu kwamba nasikiliza watumiaji, kama mnavyosema siku hizi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Meneja alikuwa anapanga moto wa kukausha kwa kusikiliza simu. Mstari wa kuchachusha ukawa haumfikii, akawa anakisia. Siku moja majani yakakaa kupita kiasi yakisubiri moto. Ukiingia chumbani harufu ilikuwa ya kilabu cha pombe, na Mzee Gwakisa amekaa kwenye ndoo ameshika kichwa. Chai ya siku nzima ikaenda kwenye daraja la mwisho.

Na wakati huohuo zilikuwa zama za kupunguza watu. Mlikuwa hamjazaliwa, hamjui neno hilo lilivyotutikisa. Wenye kiwanda walitaka kila zamu itoe jina la mtu mmoja. Mume wa Tumpale alishapunguzwa kwenye kazi yake ya udereva, akawa anazunguka Chunya anatafuta dhahabu ambayo haikuwa na habari naye. Mshahara wa Tumpale ndio uliokuwa unalisha watoto, na mkewe Mzee Gwakisa ambaye miguu ilikuwa imevimba. Meneja akatangaza atashuka mwenyewe kumsikiliza karani wa simu akisoma ubao mbele ya zamu, na akishindwa, basi jina la zamu yetu limepatikana.

Kwa nini asiseme, mtauliza. Aseme nini? Ili aeleze kwamba hawezi kulitaja jina fulani, ilimbidi aonyeshe ni jina gani. Na kwa nini mimi nisimsemee? Maana nilikuwa bado nadhani ni macho. Nilishamwulizia bei ya miwani kwa Mhindi wa Mbeya.

Meneja akashuka, amevaa koti la mvua linalochuruzika. Zamu ikakusanyika ukumbini. "Soma," akasema.

Tumpale akasimama. Akasoma kunyausha vizuri kabisa. Akasoma kusaga. Akafika katikati, akanyamaza. Watu wote, akina mama wa kuchambua, wachochea kuni, wote wakatazama chini, na hapo, wanangu, nikawatazama wao, nikautazama ubao, nikaliona jina kwa mara ya kwanza. Mimi niliyeliandika! Loo, ningepata shimo ningeingia.

"Mara ya mwisho," meneja akasema. "Soma au nenda ukakusanye vitu vyako."

Bomba likagongwa.

Tumpale akageukia ukuta palepale, kama askari. Mzee Gwakisa akatoka kwenye chumba chake amejifunika gunia kichwani hadi kifuani, anapapasa njia kwa mkono. Meneja wa watu akabaki katikati, huku mwanamke amempa kisogo, huku mzee ana gunia. Alinitazama mimi nimweleze, na mimi nikazidi kuutazama ubao.

Mzee akanyoosha mkono kutoka ndani ya gunia. "Asajile, kitambaa."

Nikampa kitambaa cha maji. Akapapasa ubao, nikamwongoza kiganja, akafuta. Jina zima, na mstari wangu wa chini, na kijani na njano. Kisha akasema, bila kumgeukia mtu, "Bwana mkubwa, huyu mama anasoma vizuri kuliko sisi wote. Lililokuwa hapa ni jina langu, na mimi ni baba wa mume wake. Hawezi, na hata ungemfukuza asingeweza. Andikeni kazi. Mimi naweza kuumwa kesho, akanusa mwingine, na chai itabaki ileile." Halafu kwangu: "Na wewe mtoto wa Kisondela, hata wewe?"

Nikachukua chaki nyeupe, nikaandika: kutandaza, kugeuza, joto, kunusa. Mbele ya kila moja, hali yake na saa yake. Mzee akarudi chumbani. Tumpale akageuka, akafuta macho kwa kanga, akausoma ubao wote kutoka juu hadi chini kwa sauti ambayo nadhani hata magari ya uwanjani yaliisikia.

Kuanzia siku hiyo niliacha kuandika majina ya watu kwenye ubao wa kazi, na nawasihi ninyi pia mjihadhari. Si kwa ajili ya mila tu. Ukiandika mtu, kila anayesoma anatafuta kosa la mtu. Ukiandika kazi, anatafuta kazi imekwama wapi. Lakini ingekuwa uongo niseme nililigundua kwa akili. Nililigundua kwa aibu.

Ningependa hadithi iishie hapo, mzee kafuta jina na sote tukacheka. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwomba Tumpale radhi mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa bosi. Lakini akasema kwa sauti ndogo, "Wenye kiwanda bado wanataka mtu mmoja wa zamu hii. Si yeye, basi nani?"

Kwa haki, mtu huyo alikuwa mimi. Karani mwenye rangi nne na sisimizi! Nilijua hivyo, na najua walijua hivyo. Nikainama chini nikajifanya naokota chaki iliyoanguka. Haikuwa imeanguka chaki yoyote. Bado nimeinama pale, nikasikia sauti ya Mzee Gwakisa kutoka ndani ya chumba.

"Hapo ubaoni nimeshajifuta. Nifuteni na huko kwenye karatasi zenu. Huyo mama abaki."

Meneja akaenda mlangoni kwa mzee, wakazungumza kwa muda. Mzee hakubadili neno. Alisema amechoka kuinama, lakini tulimwona kila siku akiinama, hatukuwahi kumsikia akilalamika.

Meneja akampa Tumpale ubao pamoja na simu, na mimi akanipeleka getini kupima majani ya wakulima, mahali ambapo chaki haihitajiki. Nilistahili. Nilijifunza kupanga ubao kwa kumtazama yeye: rangi moja tu, nyeupe, kilichokwama kiko juu kabisa, hata kama kwa mpangilio ni cha tatu, na mahali ambapo hajapata habari aliacha wazi, hakujaza "inaendelea" ili papendeze. Akibadilisha hali ya kazi alifuta ile ya zamani saa hiyohiyo. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Alisema ubao uliopitwa na wakati ni mbaya kuliko ubao mtupu.

Siku ya mwisho ya Mzee Gwakisa nilitoka getini niende kumsindikiza. Nilipoingia ukumbini Tumpale alikuwa kwenye simu, mgongo wake umenyooka.

"Kunyausha tayari, Bwana. Kusaga tayari. Kuchachusha: ndaga fijo."

Meneja akauliza kitu.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bwana."

Nikainua macho. Kwenye mstari wa kuchachusha, mahali pa kutandaza na kugeuza na joto na kunusa, alikuwa ameandika NDAGA FIJO, asante sana, kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika mimi. Upande wa pili wa simu nikasikia sauti ya meneja, polepole kuliko kawaida yake: "Haya, mama. Nimepata. Endelea na kukausha."

Alipomaliza, Tumpale alitoka kwenda stoo, akaufunga mlango nyuma yake, ili mzee apite bila kugonga bomba wala kuvaa gunia. Mzee akatoka na kifurushi chake kwapani. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali, akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, tata," nikamjibu, yaani baba.

Akasimama anapatazama, akivuta hewa puani kwa nguvu, na safari hii hakuwa ananusa chai. Kisha akanishika bega. "Mwambie asifute mpaka nifike barabarani."

Chumbani kwake kijana aliyerithi nafasi alishageuza majani, akaja kutoa habari ibadilishwe ubaoni. Tumpale naye alikuwa amerudi, kitambaa mkononi, macho mekundu. Nikampa ujumbe. Akakiweka kitambaa mezani, tukasimama wote watatu dirishani tukimwangalia mzee akishuka mteremko kwenye manyunyu, anaenda pole, hageuki nyuma, na ubao nyuma yetu unasema habari zilizopitwa na wakati, na hakuna aliyethubutu kuugusa.